Ndoo Kumi na Moja za Goweko

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na ningefurahi kama yenyewe ingenisahau. Nilikuwa nimekaa ofisini hapa Tabora mjini, kikombe cha kahawa pembeni, nikabonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta na kutabasamu peke yangu kwa raha. Msimu ulipokwisha, kitufe kile kilikuwa kimeharibu asali ya vijiji vitatu na kumfukuzisha kazi binti asiye na kosa. Mimi niliyekibonyeza nilikuwa nimenyamaza.

Nimeambiwa umekabidhiwa kazi niliyokuwa nikiifanya, ya kusimamia ule mfumo ambao timu zote zinautumia kufuatilia kazi zao, na kwamba umeagizwa upeleke mpangilio mmoja kwenye kurasa za timu zote. Hongera. Ni kazi nzuri, na sikuandikii ili nikukataze. Nakuandikia kwa sababu wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nachechemea mpaka leo.

Ushirika wetu ulikuwa wa wafugaji nyuki. Tulikuwa na timu tatu: moja Itetemia, hapa pembeni mwa mji; ya pili Goweko, kwenye njia ya reli; na ya tatu Ulyankulu. Kila timu ilikuwa na ukurasa wake kwenye mfumo, na kila ndoo ya asali ilikuwa na kadi yake humo, ikihamishwa hatua kwa hatua tangu inaporinwa mpaka inapomiminwa kwenye tangi kubwa la ghala la mjini. Taabu ilikuwa kwamba kila timu ilijipangia hatua kama ilivyopenda. Itetemia walikuwa na nne, Goweko sita, na Ulyankulu walikuwa na hatua iliyoitwa "Tunangoja mvua ikatike", ambapo ndoo zilikaa hata wiki tatu. Meneja wetu, mama mmoja mpole asiyependa kompyuta, alikuwa akisoma taarifa zetu huku ameshika kichwa. Siku moja akaniambia, "Shabani, nifanyie hizi kurasa zifanane." Alikuwa na haki kabisa.

Sasa nikueleze nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo hutaelewa kosa lenyewe. Kwa umri nilikuwa nakaribia arobaini, lakini kwa akili nilikuwa kijana mbichi. Nilizaliwa mjini, katika zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakatia nanga hapa. Sisi wa mjini tuna ugonjwa wetu mmoja: tunadhani wa vijijini wamewekwa duniani ili tuwafundishe. Halafu ushirika ulikuwa umenipeleka Dar es Salaam wiki mbili kwa mafunzo, nikarudi na cheti, miwani ambayo sikuihitaji, na maneno ya vijana wa huko. Mke wangu alinivumilia sana mwaka ule, Mungu amlipe.

Basi nikachukua mpangilio wa Itetemia, ambao niliutengeneza mwenyewe, nikaufanya kuwa kipimo cha wote. Hatua nne: Imerinwa, Imepokelewa, Tayari kumiminwa, Imemiminwa. Safi. Sikumpigia mtu simu kumuuliza kwa nini yeye ana sita.

Goweko walikuwa na sababu, mwanangu. Goweko ni nchi ya tumbaku. Tumbaku ikichanua, nyuki haombi ruhusa, anakwenda. Wazee wa kule wanaijua mizinga inayotazamana na mashamba hayo, na asali yake huiweka mbali na nyingine. Ndoo yake hufungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, haiuzwi, na miezi ya njaa wanawarudishia nyuki wenyewe. Wanunuzi wa mbali wanapima kila kitu, na wakikuta dalili ya tumbaku, hata chembe, hawaipokei. Desturi ile ilikuwepo kabla ya kompyuta na kabla yangu.

Karani wetu wa Goweko aliitwa Kalunde, binti wa miaka ishirini na kidogo, mwimbaji wa kwaya ya Wamoraviani, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyeichukua desturi ya wazee akaitia kwenye mfumo. Aliweka alama nyekundu ya tumbaku na hatua inayoitwa "Ikae pembeni". Hakuna aliyemfundisha. Kama ningekuwa na macho, ningemwita mjini aje anifundishe mimi.

Mfumo wenyewe ulinionya kabla haujatii. Maandishi yalitokea katikati ya kioo: alama na hatua zisizomo kwenye mpangilio wa pamoja zitaondolewa katika kurasa za timu, na kadi zilizomo zitahamishiwa hatua inayofuata, uendelee? Mashine ilikuwa na adabu kuliko mimi, iliuliza. Nikabonyeza Endelea bila kufika mwisho wa sentensi. Siku hiyohiyo nikatuma agizo kwa timu zote kwamba ndoo zije zimebandikwa karatasi ya namba tu, na matambara yote yatolewe. Nilitaka ghala letu lipendeze kwenye picha.

Kesho yake asubuhi Kalunde akapiga simu.

"Shikamoo, kaka Shabani."

"Marahaba. Sema."

"Kaka, alama yangu ya tumbaku siioni. Na zile ndoo zilizokuwa pembeni naona zimehamia kwenye tayari. Ziko kumi na moja, na gari la mzigo limeshaondoka nazo, tulikuwa tunazileta zihifadhiwe huko mpaka miezi ya njaa."

"Dada Kalunde, mfumo sasa ni mmoja. Kila mtu akitaka rangi yake, tutakuwa kazini au harusini?"

"Siyo rangi, kaka. Wazee ndio wanao—"

"Andika kwenye maelezo," nikamwambia, na nikakata simu. Nilijiona nimejibu kwa ucheshi, nikamsimulia mwenzangu wa meza ya pili, tukacheka.

Akaandika. Kadi kumi na moja, mara kumi na moja, neno kwa neno: "Hii ni ya jirani na tumbaku, tafadhali isimiminwe." Ila mimi, katika kupanga kwangu, nilikuwa nimeyaficha maelezo yasionekane kwenye ukurasa wa ghala, eti yanajaza kioo. Watu wa ghala waliona namba kumi na moja chini ya "Tayari kumiminwa", na ndoo kumi na moja zisizo na kitambaa. Wakamimina. Walifanya kazi yao, sina la kuwalaumu.

Tangi lile lilikuwa na asali ya timu zote tatu. Sampuli ikapelekwa kupimwa, na majibu yalirudi na neno moja lililotosha: tumbaku. Mzigo wote ukakataliwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na asali ikishachanganyika huwezi kumwambia ya Ulyankulu itoke ikae upande huu. Watu walikuwa wamelala porini wiki nzima kwa kurina asali ile, wameumwa mpaka nyuso zimevimba, halafu wakaambiwa jasho lao halifai.

Kikao kikaitwa. Kalunde alikuja na treni, akaingia na daftari lake, akaketi karibu na mlango. Meneja alikuwa amechapisha orodha, na kwenye kila ndoo ile palikuwa na jina la karani aliyeiandikisha. Akauliza ilikuwaje ndoo hizi zikaandikwa tayari. Kalunde akasimama.

"Mama, sikuziandika tayari. Niliziweka pembeni. Alama yangu ilifutwa, na hatua yangu ikafutwa. Nilimpigia kaka Shabani."

Meneja akanigeukia. "Ni kweli, Shabani?"

Mwanangu, hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Chumba kizima kilinitazama, na Kalunde akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amepumua, kama mtu aliyefikisha mzigo kwa mwenyewe, kwa sababu alijua mimi najua. Nikasafisha koo nikasema, "Mfumo unafanya kazi sawasawa kwa timu zote, mama."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Unaweza kuyachukua ukayapima moja moja, hutakuta uongo. Lakini yalipokaa pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema, na nilijua wakati yanatoka. Kalunde alisubiri kidogo, akidhani bado naendelea. Alipoona nimeinamia karatasi zangu, akaketi. Aliondolewa kazini siku ileile, na sikuinua uso alipopita mbele yangu kutoka.

Kwenye mfumo ule kulikuwa na ukurasa unaoonyesha nani amebadili nini na lini. Jina langu lilikuwa pale, wazi. Lakini mwenye ufunguo wa ukurasa huo ni mimi peke yangu, na meneja hakujua hata kwamba upo. Wiki tatu nilikuwa naufungua kila asubuhi, naangalia jina langu, naufunga. Nilijipa sababu nyingi. Nilisema nina watoto wanaosoma. Nilisema yule bado binti, atapata kazi nyingine. Nilikuwa nakwenda kuswali na wenzangu, nikirudi narudi na mzigo uleule. Nilipungua mwili, na mama yangu akanipikia uji wa ulezi akidhani ni malaria.

Ndipo akaja Mzee Mihayo. Huyu alikuwa mwenyekiti wa wafugaji nyuki wa Goweko, mtu wa miaka sabini na zaidi, na ndiye aliyemfundisha Kalunde kuijua mizinga. Alishuka kwenye treni akatembea mpaka ofisini akiwa amevaa koti lake la kanisani, jeusi, lililofungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Niliposikia jina la Goweko mlangoni, nikajua amekuja kudai haki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Karibu ukae."

Hakukaa mara moja. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Ukubwa ni jalala. Nimetumwa na wenzangu kuja kuomba radhi. Mtoto wetu amewakosea, na sisi tuliomfundisha ndio wenye kosa. Tulidhani ameelewa mambo ya tumbaku, kumbe hatukumfundisha sawasawa. Wewe ndiwe mwenye mfumo, aibu imekuangukia wewe kwanza. Tusamehe, baba."

Aliniita baba. Mzee yule, na mvi zile, aliinamisha kichwa mbele yangu mimi. Halafu akaketi, akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akaniomba nimwandikie jina la kiongozi wa timu ya Ulyankulu na kijiji chake, maana alitaka kwenda huko pia, na Itetemia, awaombe radhi watu ambao asali yao imeharibiwa na Goweko. Nikachukua kalamu. Niliandika herufi mbili, nikaiweka kalamu chini.

Nikamwambia yote. Sikupanga maneno, yalitoka kama yalivyotaka: kitufe, simu, maelezo niliyoyaficha, kikao. Nililia, na sioni haya kukwambia, maana kulia kule ndiko kitu pekee cha heshima nilichofanya mwaka ule.

Nilitamani anitukane. Mzee Mihayo akauliza polepole, "Kwa hiyo mtoto alisema kweli?"

"Alisema kweli, mzee."

"Alituambia hivyohivyo. Kwamba aliweka alama, na ikafutwa. Mimi nikamwambia anaongopa. Nilimwambia mbele ya mama yake, nikasema mtoto niliyemfundisha mimi asiniletee hadithi za kompyuta." Akaitazama kofia yake. "Umenifanya nimuumize mtoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Hilo, bwana mdogo, huwezi kulirudisha. Lakini mimi siyo wa kuambiwa haya peke yangu. Inuka."

Akanipeleka kwa meneja, hatua kumi tu, na ilikuwa safari ndefu kuliko kwenda Dar es Salaam. Nilifungua ule ukurasa mbele yao wote wawili nikawaonyesha jina langu. Meneja alininyang'anya usimamizi wa mfumo papo hapo. Mwaka mzima uliofuata nilikuwa ghalani napokea ndoo, na ulikuwa uamuzi wa huruma. Akamwandikia Kalunde barua ya kumrudisha, akanikabidhi niipeleke mwenyewe.

Mzee Mihayo hakuniacha niende peke yangu. Tulianza Itetemia, ambako niliwajua wote na walinijua, na huko walinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake tukapanda basi la Ulyankulu. Njiani nilianza kujitetea kidogo, kama kawaida ya mtu mwenye haya, nikamwambia kwamba hata hivyo kufananisha kurasa lilikuwa jambo la lazima.

"Nani kakataa?" akasema. "Wapagazi waliopita njia hii na misafara, mizigo yao ilipimwa kipimo kimoja, bila hivyo hakuna safari. Lakini ngata kila mtu alisokota yake, kwa kichwa chake. Wewe uliwanyang'anya watu ngata ukaita usafi."

Ulyankulu nilisimama mbele ya wafugaji wapatao thelathini nikarudia maneno yangu. Mama mmoja mtu mzima, mkono wake mmoja bado una makovu ya kuumwa na nyuki, aliuliza swali moja tu. "Na huyo binti mliyemfukuza, umeshamwona?" Nikasema bado, Goweko tunakwenda mwisho. Akaguna. "Umeanzia mbali ili ufike karibu ukiwa umechoka," akasema, na watu wakacheka, na ilikuwa kweli tupu.

Goweko tulimkuta Kalunde uani kwao, amekaa na mama yake wanabangua karanga. Alimwona Mzee Mihayo akainuka kumwamkia. Alinisalimu na mimi pia, shikamoo kamili, na ile shikamoo ilinichoma kuliko matusi. Mzee ndiye aliyeanza. Alimwomba radhi binti mwenye umri wa mjukuu wake, mbele ya mama yake, palepale alipomwita mwongo. Mama akajifuta macho kwa pembe ya khanga. Kisha nikasema ya kwangu, nikamkabidhi barua.

Kalunde aliisoma yote, akaikunja vizuri.

"Ya kufuta alama, nimekusamehe, kaka," akasema. "Hukujua. Ungeweza kuuliza, lakini hukujua. Siku ile kwenye kikao nilikutazama. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ulijua nakungoja useme?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, akanirudishia ile barua mkononi. "Basi hiyo bado. Ikitoka moyoni nitakwambia." Akarudi kwenye karanga zake.

Miaka mingi imepita, mwanangu. Kalunde hakurudi kazini; ana mizinga yake sasa, ana watoto, na tukikutana mjini ananisalimu kwa adabu na kuuliza hali ya wajukuu. Hajaniambia. Nami simuulizi, maana msamaha haudaiwi.

Sasa sikiliza ninayotaka uyashike. Mpangilio mmoja kwa timu zote ni jambo jema, usiuogope. Ila kabla hujaupeleka, nenda ukakae na kila timu, na kila utakapokuta kitu ambacho timu nyingine hazina, usikiite takataka mpaka aliyekiweka amekueleza kwa nini alikiweka. Kuuliza si ujinga. Ya wote yafanye ya wote, na ya mmoja umwachie nafasi yake humohumo ndani. Jaribu kwa timu moja kwanza, na ya zamani usiitupe mpaka mpya imepita msimu mzima. Onyo likitokea kwenye kioo, lisome mpaka nukta ya mwisho. Na mtu wa mbali akikupigia simu kwamba kuna kitu hakioni, acha kahawa yako ipoe.

Hayo ni ya kompyuta, na hata ukiyakosea yatatengenezeka. La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Utakosea, mwanangu, kila mwenye kazi hukosea, na kujikwaa si kuanguka. Ila siku utakapokosea, na mwingine amesimama anabebeshwa kosa lako, na mkubwa amekugeukia akakuuliza ni kweli, utakuwa na muda wa pumzi moja tu. Ukiupoteza unaweza kusema kweli maisha yako yote yaliyobaki, mbele ya watu wa vijiji vitatu, wala haitakuwa ile kweli uliyodaiwa siku ile. Sema papo hapo, hata sauti ikitetemeka.

Nakuombea kwa Mola wangu, na kwa dua za wazee wa Goweko wanaosali kwa namna yao. Akupe kazi yenye baraka na wenzako wenye kukuamini. Akulinde na werevu usiouliza. Na saa yako ile ikifika, na yuko mtu anakutazama anangoja useme, Mola akufungue kinywa kabla mtu huyo hajakata tamaa na wewe. Amina.